Mgeni Katika Santuri: Kinanda cha Mdomo na Kodiani

Wasomaji wetu wa mjini na wa shamba, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya vinanda viwili ambavyo watu wengi huvidharau, maana kimoja hutiwa mfukoni kama sanduku la tumbaku, na cha pili hukunjuliwa na kukunjwa mbele ya kifua. Cha kwanza ni kinanda cha mdomo, cha pili ni kodiani. Kisha twataka kupima santuri chache ambamo vinanda hivi vimesikika, hasa zile ambamo wenye kundi walialika wageni. Sababu ya kuandika haya ni kijana mmoja tuliyemfundisha darasani, naye tutamrejea hapo chini.

Kwanza yafaa mjue kwamba vinanda hivi ni ndugu. Ndani ya kila kimoja mna ndimi nyembamba za madini, na pumzi ipitapo juu ya ulimi, ulimi hutetema na kutoa sauti. Kinanda cha mdomo huvuviwa na mapafu ya mtu, kodiani huvuviwa na mifuo yake. Aliyewahi kuketi kanisani karibu na kinanda kile cha kukanyaga kwa miguu amekwisha kumjua ndugu wa tatu. Babu yao wote yuko China, ndiye shengi, mianzi iliyofungwa pamoja na kupulizwa kwa kinywa. Hivi vya Ulaya vilizaliwa karne ya 19, vikatengenezwa kwa maelfu huko Ujerumani, vikauzwa kwa bei nafuu, na kwa ajili ya unafuu huo vikafika kila bandari. Hapana aliyevitengeneza akimfikiria Mwafrika wa Mississippi, wala bwana wa taarabu wa Unguja. Walakini ndio waliovifundisha kusema.

Watu weusi wa kusini ya Marekani walikichukua kinanda cha mdomo wakakipiga kinyume. Mtengenezaji alikusudia mtu apulize nje ndipo apate wimbo. Wao walivuta ndani, wakaufinya ulimi kwa namna ya kuweka kinywa, sauti ikapinda na kulia kama mtu mwenye msiba. Ndiyo nyimbo ziitwazo bluzi. Walipohamia miji ya kaskazini kutafuta kazi za viwandani, wakakuta baa zenye kelele, na kinanda kidogo hakisikiki. Ndipo kijana mmoja, Marion Jacobs, aliyejulikana kwa jina la Little Walter, alipokishika kinanda pamoja na maikrofoni ndani ya viganja vyake viwili, akaufunga mlango wa mikono, akaipeleka sauti katika kikuza sauti cha umeme mpaka ikavimba na kukwaruza. Mwaka 1952 huko Chicago alitia katika santuri kipande kisicho na maneno kiitwacho «Juke», kikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za watu weusi kwa majuma manane. Chombo cha mfukoni kikawa kama tarumbeta.

Sasa tuje kwa wageni. Muddy Waters, bwana mkubwa wa bluzi ya umeme, alipozeeka santuri zake ziliacha kununuliwa sana na watu wake, bali vijana wa kizungu waliokulia juu ya nyimbo zake walikuwa wamekwisha kutajirika. Wachapaji wa santuri wakaona njia: waalikeni vijana wapige pamoja na mzee. Mwaka 1969 ikatoka «Fathers and Sons», maana yake Baba na Wana, ambamo Paul Butterfield alipiga kinanda cha mdomo na Michael Bloomfield gita. Ni kazi nzuri, haina la kutuchelewesha.

Iliyotuchelewesha ni ile ya Howlin' Wolf iliyofanywa London mwaka 1970 na kutoka mwaka 1971. Humo mmejaa wageni wenye majina: Eric Clapton, Steve Winwood, Bill Wyman, Charlie Watts. Mwenyewe alikuwa mgonjwa. Ukisikiliza santuri ile yote, wasikia watu wenye adabu nyingi wakimzunguka simba, kila mmoja akiogopa kumkanyaga mkia. Adabu si uhai. Walakini mna mahali pamoja tunapopapenda kuliko pote. Kabla ya wimbo wa jogoo mwekundu, wapigaji wanapotea njia, naye mzee anaombwa ashike gita mwenyewe awaonyeshe wimbo unavyokwenda. Mafundisho yale yakaachwa katika santuri, hayakufutwa. Kwa dakika chache wageni wanakuwa wanafunzi. Sisi tulio walimu tulicheka kwa furaha tuliposikia, maana ndivyo darasa lilivyo: sauti nzito ya mtu mmoja, na wengine kimya wakihesabu.

Santuri iliyotupa shida kuihukumu ni «Hard Again» ya mwaka 1977. Muddy Waters alikuwa na umri wa miaka 63. Mwenye kusimamia kazi alikuwa Johnny Winter, mpiga gita mashuhuri wa Texas, na kinanda cha mdomo kilishikwa na James Cotton, ambaye katika ujana wake alikuwa mpigaji wa Muddy mwenyewe. Wimbo wa kwanza umejaa makelele ya Winter akipiga ukelele nyuma ya mzee, nasi tulipousikia mara ya kwanza tulisema: huyu mgeni hana haya, amekuja kulia harusini kwa watu. Tulikosea. Tulipousikia mara ya pili na ya tatu tuliona kwamba Winter amelificha gita lake mahali pengi ambapo angeweza kujionyesha, na kwamba ukelele ule ni wa mtu anayeitikia, kama wanawake wanavyopiga vigelegele ili mwimbaji asichoke. Naye Cotton hajibu juu ya sauti ya mzee. Hungoja mzee avute pumzi, kisha huingia katika pengo hilo na kutoka kabla mlango haujafungwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika santuri hii wageni walishika jembe tangu siku ya kwanza. (Kazi hiyo ilifanyika kwa siku chache tu, katika nyumba ya kutilia sauti iitwayo The Schoolhouse, yaani Nyumba ya Skuli. Jina lilitupendeza.)

Mtu atauliza, haya ya Chicago yatuhusu nini sisi wa Unguja? Yatuhusu, maana jambo lilo hilo limepita hapa petu, tena mapema. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Hakwenda peke yake. Kundi lake lilikuwa la mafundi, akina Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mwalimu Shaban, na miongoni mwao akahesabiwa Mbaruk Talsam, kipofu, mtu wa Mombasa. Huyu Mbaruk twaweza kumwita mgeni, kwa kuwa alitoka pwani nyingine. Santuri za zamani zile zilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, hapakuwa na nafasi ya mtu kujivuna. Ukizisikiliza leo, na mkwaruzo wake wote, hujui nani mwenyeji na nani mgeni. Hicho ndicho kipimo chetu katika makala hii.

Kodiani iliingia katika taarabu pamoja na fidla nyingi na zeze kubwa za kusimama, makundi yalipotaka kufanana na makundi ya Misri yaliyosikika katika redio na sinema. Hapa yafaa tuseme kasoro yake. Kodiani haiwezi kupinda sauti kama kinanda cha mdomo. Kidole kikibonyeza, sauti ni ile ile iliyokatwa kiwandani, na nyimbo za Kiarabu zina sauti zilizo kati ya sauti mbili. Wamisri walizirekebisha ndimi za kodiani zao ili wazipate. Wapigaji wa Unguja wana hila nyingine: kazi ya kupinda wanaiachia fidla na mwimbaji, nayo kodiani hujaza mapengo kwa vidole vyepesi, ikitetemeka na kukatika, kama mtu anayenong'ona maelezo pembeni ya hotuba. Basi kwa tabia yake ni chombo cha kuitikia. Aliyemsikia Cotton akingoja pumzi ya Muddy atamtambua mpigaji wa kodiani wa Vuga mara moja.

Wapenda taarabu wanazo santuri za kutosha za kupima neno hili. Mwaka 2005 ilitoka Paris ile ya kwanza katika mfuatano uitwao «Zanzibara», kwa kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Kama santuri nyingi, ina pazuri na pachovu. Mwaka 2009 Culture Musical Club walitoa «Shime!», jina linalokumbusha kwamba walipoanza mwaka 1958 waliitwa Shime Kuokoana. Kundi ni kubwa, fidla zimepangwa kama wanafunzi mstarini, na sauti zao zinapokwenda pamoja moyo unainuka. Bali kodiani humo mara nyingine huzama, nasi tulisikitika. Anayetaka kusikia chombo kimoja kimoja na atafute «Chungu» ya Rajab Suleiman, bwana wa kanuni, pamoja na kundi lake la Kithara. Kundi ni dogo, hewa ipo kati ya chombo na chombo, na kanuni haimfukuzi mwimbaji bali humtandikia mkeka.

Juu ya marehemu Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, tungeweza kujaza gazeti zima. Alikuwa mgeni wa kila kundi na mwenyeji wa yote. Aliimba na Culture, alizunguka Ulaya, na katika uzee wake vijana wa Offside Trick walimwalika katika wimbo wao «Ahmada», wimbo wa mtindo wa vijana wenye midundo ya mashine. Wazee wengine walinung'unika. Sisi hatunung'uniki kwa kuwa ameimba na vijana. Kumwalika mzee ni heshima, na sauti yake humo imebaki na kutu yake yote, haikupakwa rangi. Tunalonung'unikia ni kwamba hapana anayemjibu. Anaimba, mashine inaendelea. Anatua, mashine inaendelea vile vile. Mgeni ameketishwa kitini pazuri, lakini hakuna mtu wa nyumbani wa kuzungumza naye.

Umeme si adui. Little Walter bila umeme asingalikuwa Little Walter, na tangu miaka ya 1990 makundi ya taarabu mpya, kama East African Melody na baadaye Jahazi, yametumia magita na vinanda vya umeme, na watu wamecheza na kufurahi. Lakini angalieni tofauti: Mchicago alitumia umeme kukikuza kinanda alichokishika mkononi. Huku kwetu kinanda kimoja cha umeme kimetiwa sauti ya kodiani, sauti ya fidla, sauti ya kanuni, na mtu mmoja anabonyeza zote. Waliokuwa ishirini wamekuwa watatu. Mwenye harusi anahesabu nauli na chakula cha watu watatu badala ya ishirini, nasi hatuwezi kumlaumu, maana mfuko wake twaujua. Walakini katika sauti ile ya kodiani isiyo na kodiani hamna pumzi. Mifuo ya kweli hufika mwisho wake, lazima igeuzwe, na pale igeukapo ndipo wimbo unapokatika kidogo na kuanza upya. Mashine haina mwisho wa mifuo.

Sasa kijana wetu. Alimaliza skuli, akawa anakwenda kila jioni kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mji, mpigaji wa zamani, ambaye kodiani yake ina vifungo viwili vilivyokufa. Alituuliza: Mwalimu, nijifunze chombo hiki, au ninunue kinanda cha umeme nipate harusi? Baba yake alikuwa amekwisha kumpa jibu lake, na si la kodiani. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kufundisha mamia ya vijana wa visiwa hivi, mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Kijana alilijua hilo, akalitaja. Hatukuweza kumwambia kwamba kodiani itamlisha.

Tulifanya lililo katika uwezo wa mwalimu. Tulimkalisha barazani, tukampa simu na visikilizio, tukamsikilizisha «Hard Again» kwanza, kisha «Chungu», tukamwambia asituambie nani anapiga vizuri, atuambie nani ananyamaza vizuri. Alisikiliza muda mrefu, alasiri ikapita. Mwisho alirudisha nyuma mahali pamoja katika ile ya Kimarekani, akainua kidole kabla Cotton hajaingia, akakishusha pale pale alipoingia, bila kukosea. Akafanya hivyo mara tatu. Hakutujibu neno. Akaomba aondoke mapema, kwa kuwa mzee hulala baada ya isha, naye alitaka kumwona kabla hajalala.