Nani Alianzisha? Kuhusu The Sleepwalkers na Lawama za 1914

Kama ulifanya historia sekondari, swali hili unalijua: taja sababu tano za Vita vya Kwanza vya Dunia. Majibu pia unayajua, maana tuliyakariri kama nambari ya simu ya mathe. Mapatano ya kijeshi, mashindano ya silaha, uzalendo uliopita kiasi, ubeberu, mauaji ya Sarajevo. Alama tano, kalamu chini, twende zetu.

Mama akikuta watoto wawili wanalia uani haulizi sababu tano. Anauliza nani alianzisha. Sisi swali hilo hatukuulizwa, na hata kitabu cha shule kilikuwa na namna yake ya kulikwepa: kiliandika kwamba vita "vilizuka". Moto huzuka. Kipindupindu huzuka. Ukisoma hivyo miaka minne unaanza kuamini kwamba 1914 ilikuwa hali ya hewa.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu mimi na karo hatukuelewana, nilipata The Sleepwalkers ya Christopher Clark kwa muuza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya. Shilingi mia nne. Nilikaa nacho mwezi mzima, nikikisoma kwa matatu, na usiku stima zikipotea nikiwasha tochi ya simu. Ni kitabu kizuri, niseme mapema. Lakini kilinikasirisha pia, na ninataka kueleza hasira hiyo inatoka wapi, na kama ni ya haki.

Kwanza, kesi yenyewe. Mwaka wa 1919, mkataba wa Versailles uliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara za vita. Hiyo ni ibara ya 231, ambayo Wajerumani waliichukia kuliko karibu kitu kingine chochote katika mkataba huo. Baadaye joto likashuka, na wanahistoria wengi wakaridhika kusema kwamba mataifa yote yaliteleza pamoja. Halafu 1961 mwanahistoria wa Hamburg aitwaye Fritz Fischer akatoa kitabu kilichosema hapana, wakubwa wa Berlin walikuwa na malengo makubwa ya kujitanua, na 1914 walikubali hatari ya vita wakijua. Wenzake walimrukia. Mwaka wa 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliondoa hela zilizokuwa zimetengwa kumpeleka Marekani kutoa mihadhara, na ikabidi wasomi wa Marekani wamtafutie nauli. Yaani nchi iliona aibu ya vita vya miaka 50 iliyopita kiasi cha kumnyima mtu tiketi.

Clark, Mwaustralia anayefundisha Cambridge, aliingia ugomvi huu mwaka wa 2012. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka 2013 na kule ikanunuliwa kama njugu. Unaweza kukisia ni kwa nini.

Anachofanya vizuri ni kukataa kuanzia Berlin. Anaanzia Belgrade, 1903, maafisa wa jeshi la Serbia wanapovamia ikulu usiku na kumuua mfalme wao Alexander na mkewe Draga. Mmoja wa waliopanga mauaji hayo ni Dragutin Dimitrijević, aliyejulikana kama Apis. Miaka 11 baadaye mtu huyo huyo ndiye mkuu wa ujasusi wa jeshi la Serbia, na watu wake ndio wanaowapa vijana wa Bosnia bastola na mabomu. Kufikia Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, anapomfyatulia risasi Franz Ferdinand na mkewe Sophie tarehe 28 Juni 1914, unaelewa kwamba Serbia haikuwa mtoto mdogo aliyeonewa tu.

Pia anatupitisha Libya. Italia iliivamia 1911, na ndege zake zikadondosha mabomu huko, mara ya kwanza katika historia ya vita. Udhaifu wa Milki ya Uthmaniya ulipoonekana, mataifa ya Balkani nayo yakaishambulia 1912. Kwa hiyo mnyororo uliofika Sarajevo una kiungo kimoja Afrika Kaskazini. Hilo shuleni hatukuambiwa.

Clark anasema mapema kwamba anataka kuuliza "vipi" zaidi ya "kwa nini", kwa sababu ukiuliza kwa nini unaanza kutafuta mshukiwa. Na mwishoni anasema hii si hadithi ya upelelezi ambapo mwuaji anakutwa na bastola inayofuka moshi. Kila mmoja wa wakubwa alikuwa na bastola yake. Walikuwa watu wanaotembea usingizini, hawakuona maafa waliyokuwa wakiyaleta.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini. Mtu anayetembea usingizini hatumlaumu. Tunamshika mkono tukimrudisha kitandani. Basi twende na kalenda ya Julai, ambayo Clark mwenyewe anaipitia hatua kwa hatua, tuone nani alikuwa amelala.

Tarehe 5 na 6 Julai, Kaiser Wilhelm II na kansela wake Bethmann Hollweg wanaiahidi Austria-Hungaria kwamba Ujerumani iko nyuma yake, hata Urusi ikiingilia. Wanahistoria wanaiita ahadi hiyo hundi iliyosainiwa bila kuandikwa kiasi. Tarehe 7 Julai mawaziri wanakaa Vienna, na mazungumzo yanaandikwa. Karibu wote wanataka vita na Serbia. Wanakubaliana kuandaa barua ya masharti magumu kiasi kwamba Serbia itakataa. Wakati huo Poincaré, rais wa Ufaransa, anajiandaa kumtembelea Tsar kule St Petersburg. Vienna haitaki washirika hao wawili wapate nafasi ya kushauriana uso kwa uso, kwa hivyo inasubiri aondoke. Siku ikapangwa: 23 Julai. Kisha wakagundua kwamba meli ya Poincaré itang'oa nanga usiku zaidi ya walivyodhani, wakaisogeza barua kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili. Makataa: saa 48.

Manze, mtu aliye usingizini haangalii ratiba ya meli.

Kulikuwa na walioona pia. Waziri mkuu wa Hungaria, Tisza, alipinga katika kikao kile cha 7 Julai, akaonya kwamba kuishambulia Serbia kutaileta Urusi. Wiki moja baadaye akalegea. Lichnowsky, balozi wa Ujerumani kule London, aliituma Berlin onyo baada ya onyo kwamba Uingereza haitakaa pembeni. Hata Kaiser, aliposoma jibu la Serbia tarehe 28 Julai, aliona kwamba sababu ya vita imeisha. Siku hiyo hiyo Austria-Hungaria ikatangaza vita. Wenye macho walikuwemo chumbani.

Nimtendee Clark haki. Akiwa hapa angeniambia nimeielewa sitiari yake vibaya: hasemi hawakujua wanachofanya siku ile, anasema hawakuona ukubwa wa kilichokuwa kinakuja. Hiyo ni kweli. Na hawakuwa Vienna na Berlin peke yao. Urusi iliamuru jeshi lake lote likusanywe tarehe 30 Julai, ikijua Ujerumani ingelichukuliaje jambo hilo. Ufaransa haikumvuta Tsar shati. London ilichelewa kusema wazi itasimama wapi mpaka Wajerumani walipoingia Ubelgiji tarehe 4 Agosti.

Lakini fikiria dereva wa matatu anayelipita lori kwenye kona pale Salgaa. Hakukusudia kuua abiria 14. Labda hata aliomba Mungu. Barabara ilikuwa mbovu, lori lilikuwa bovu, trafiki alikuwa amekula chake. Sababu zote hizo ni za kweli na ripoti nzuri itazitaja zote. Bado ni yeye aliyekata usukani. Kutoona hakumfutii kosa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuona. Lawama ikigawanywa kwa wengi haimaanishi kila mtu anapata kipande sawa, na ugomvi wangu na Clark ni hapo: anagawa vizuri, lakini hapimi.

Fischer naye alipima, ila mizani yake ina matatizo. Aliiangalia Ujerumani kwa darubini na wengine kwa jicho tupu. Ushahidi wake maarufu zaidi, ile programu ya Septemba ya Bethmann Hollweg, iliandikwa tarehe 9 Septemba 1914, vita vikiwa na wiki tano tayari. Unachotaka baada ya ngumi kuanza si lazima kiwe ndicho kilichokufanya uanze. Hilo wapinzani wake walikuwa sahihi kulisema.

Ila isome programu hiyo ukiwa Nairobi. Kati ya mambo yanayotajwa ni himaya moja ya Kijerumani itakayoshikana katikati ya Afrika. Watu walioketi Ulaya, wanajeshi wao bado wanakimbia Ufaransa, wanapanga bara letu kama viti vya harusi. Waingereza nao hawakuwa tofauti. Vita vilipoisha, Tanganyika ikawa mikononi mwao. Wale wanaotafuta nani alikuwa mbaya zaidi London au Berlin wasitarajie tuwashangilie.

Na hapa hasira yangu inafika nyumbani. Kitabu cha Clark kinaishia Agosti 1914, na ni haki yake, hayo ndiyo aliyochagua. Ila Agosti hiyo hiyo moto ulifika huku. Tarehe 8, meli ya kivita ya Uingereza, Astraea, ilipiga mizinga Dar es Salaam. Tarehe 15 Wajerumani wakaichukua Taveta. Mapigano hayakuisha mpaka Novemba 1918, na katika nchi isiyo na barabara, risasi na unga vilibebwa na vichwa vya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja. Kwa hesabu zao wenyewe, takriban 95,000 walikufa, wengi kwa magonjwa kama kuhara damu, si kwa risasi. Jina la kikosi hicho, Carrier Corps, ndilo tunaloliita Kariokor tukienda kununua vyondo na kula nyama choma.

Shosho alikuwa akisema babu yake alichukuliwa "Kariakor" akiwa na watoto wawili. Jina lake tunalo. Kaburi hatuna. Mwaka wa 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hata hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Pale Kenyatta Avenue kuna masanamu ya shaba ya wanaume watatu na maandishi yanayoahidi kwamba wana wao watawakumbuka. Tunayapita kila siku tukikimbilia matatu.

Kuhusu babu wa shosho hakuna mjadala wa miaka 100, na hakuna haja. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwakusanya wapagazi kwa nguvu 1915, na 1917 ikasomba wanaume wilaya kwa wilaya. Kuna sheria, kuna saini, kuna mishahara iliyopunguzwa. Huku swali la nani alianzisha lina jibu fupi. Ni Ulaya tu ambako limekuwa kitendawili, na nadhani ni kwa sababu kule waliouliza na walioulizwa walikuwa wa familia moja.

Kisome The Sleepwalkers. Sikutanii, ni bora kuliko zile pointi tano, na ukifika sehemu ya Julai utashindwa kulala. Ila kaa na kalamu, na kila unapokuta uamuzi, andika pembeni jina la aliyeuamua, tarehe, na kama kuna aliyemwonya. Kisha tafuta Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 2020, uone vita hivyo hivyo kwa macho ya askari na watu wa pwani ambao hakuna aliyewauliza chochote. Nakala yangu ya Clark sasa ina pambizo zilizojaa majina. Hakuna hata moja nililoliandika "usingizi".