Anayeugua na Anayeuguza

Kitabu cha Paul Kalanithi, When Breath Becomes Air, kilichotoka mwaka 2016, husifiwa kwa jinsi kinavyomwonyesha mtu akikikabili kifo chake. Nadhani sifa hiyo inakipunja. Kwangu hiki ni kitabu kuhusu kazi: mtu anavyoitafuta kazi yenye maana, anavyoipata, na kinachobaki mwili unapogoma kuifanya. Nina ugomvi nacho pia, na jibu la ugomvi huo nimelikuta katika kurasa ambazo si Paul aliyeziandika.

Kalanithi hakuanza na udaktari. Alisoma fasihi ya Kiingereza na biolojia Stanford, akaenda Cambridge kusoma historia na falsafa ya sayansi, ndipo akaingia shule ya udaktari Yale. Swali lake muda wote lilikuwa moja: nini kinayapa maisha ya binadamu maana? Vitabu vilimpa maneno, lakini yeye alitaka kusimama pale swali linapomkuta mtu, kando ya kitanda cha mgonjwa. Akachagua upasuaji wa ubongo, ambako mgonjwa anaweza kunusurika na asiweze tena kuzungumza. Huku kwetu neno “wito” limechakaa kwa kutumiwa kuwanyamazisha walimu na wauguzi wanaodai mishahara. Kalanithi analirudishia uzito kwa sababu hafichi gharama yake: saa nyingi za kazi, usingizi haba, na ndoa inayokauka nyumbani.

Mei 2013, akiwa na miaka 36 na mafunzo yake marefu ya ubingwa yakikaribia mwisho, aligundulika kuwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Daktari wake, ambaye kitabuni anaitwa Emma, anakataa kumpa takwimu za muda uliobaki. Anamtaka kwanza ajue ni kitu gani anachokithamini. Kalanithi anarudi kwenye chumba cha upasuaji. Siku ya kwanza anahisi kuzirai, anamwachia mwenzake amalizie. Anaendelea hata hivyo, mpaka uvimbe mpya unapoonekana. Akiacha kupasua, anaandika. Hapa ndipo kitabu kinaponishika. Nilizoea kudhani kazi yenye maana ukishaipata umeipata, kama cheti unachokiweka kabatini. Kalanithi alilazimika kuichagua upya kila mwili wake ulipobadilika, na kila mara aliichagua akiwa na nguvu pungufu.

Sasa ugomvi wangu. Swali la Emma ni zuri, lakini limemwacha mtu mmoja nje. Mgonjwa anachagua, na mara nyingi mwingine ndiye anayeubeba uchaguzi huo. Kiswahili kinawajua wote wawili: mmoja anaugua, mwenzake anauguza. Nilimuuguza mama yangu, na najua kwamba anayeuguza naye ana kazi aliyoiacha mezani na maana yake mwenyewe iliyosimama. Lucy, mke wa Paul, ni daktari pia. Nilisoma nikimsubiri aseme. Paul anamfikiria, ndiyo: anakataa kazi nzuri Wisconsin kwa kuwa huko Lucy angebaki peke yake na mtoto mchanga endapo ugonjwa ungerudi. Lakini kufikiriwa si sawa na kusikilizwa. Hata kabla ya ugonjwa kuthibitishwa, Lucy aliijua hofu ya mumewe kwa kuona kwenye simu alichokuwa akikitafuta: saratani zinazowapata watu wa miaka 30 hadi 40. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika nyumba hii, nusura ndoa ndiyo iumbuke kwanza.

Paul alifariki tarehe 9 Machi 2015, binti yao akiwa na miezi minane, na kitabu kikiwa hakijakamilika. Neno la mwisho aliliandika Lucy. Ni rahisi kulisoma kama nyongeza ya kututoa machozi. Mimi nalihesabu kuwa sehemu ya tatu ya kitabu, na bila hilo zile mbili za Paul zingepungukiwa. Lucy anaeleza kwamba ncha za vidole vya Paul zilipopasuka kwa sababu ya kemotherapi, walipata glavu zisizo na mshono, zenye bitana ya nyuzi za fedha, ili aweze kuendelea kutumia kompyuta. Anataja jambo hilo kwa sentensi moja tu na kupita. Mimi nililazimika kurudi nyuma na kusoma upya. Kurasa nilizodhani ni za mtu mmoja anayeshindana na muda zilikuwa zimeandikwa na mikono iliyovishwa glavu, na nyuma ya glavu hizo kulikuwa na watu waliohangaika kuzipata.

Kalanithi alitaka kujua nini kinayapa maisha maana, na jibu lake la kazi ni la kweli kadiri linavyokwenda. Lucy analifikisha mbali zaidi, bila kubishana naye. Ukikisoma kitabu hiki, usikifunge pale Paul anapokomea.