Koma si Pepo: Juu ya Msamiati wa Itikadi za Wagiriama

Imekuwa ada kwa waandishi kadhaa wa Kiswahili wanaoshughulikia itikadi za Wamijikenda kuwatia koma, pepo na mizimu katika kapu moja na kuwaita wote mashetani. Kosa hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, la msamiati tu. Makala haya yanashikilia kwamba si dogo, na ushahidi wetu ni mambo yaliyovifika vigango vya Wagiriama.

Katika masimulizi ya Wagiriama, koma ni marehemu wa ukoo. Ana jina, ana wana na wajukuu, na ana haki zake juu yao. Humjia mzawa wake ndotoni, akilalamika kuwa amesahauliwa au kwamba anaona baridi. Pepo hana ukoo. Hutoka nje, mara nyingi akiwa na kabila na lugha ya ugenini, humpanda mtu, kisha hudai nguo au manukato kwa kinywa chake. Huyu ni mgeni asiyealikwa. Yule wa kwanza anadai deni la ujamaa. (Neno mzimu lina utata wa namna yake, maana pwani hutaja roho na pia mahali pa tambiko, tuliweke kando.)

Mwanachama wa Gohu afapo, husimamishiwa kigango: mti mgumu uliochongwa kichwa na kiwiliwili, ukatiwa nakshi za pembe tatu na kuvishwa vitambaa. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa kigingi kidogo, nacho huitwa koma, kana kwamba kigingi na marehemu ni kitu kimoja. Kigango kikisha kusimama hakiondolewi. Ukoo ukihama, chenyewe hubaki pale pale hadi kiliwe na mchwa. Hapa ndipo neno lilipoleta hasara. Wachuuzi walidai kuwa vigango vya namna hii vimetelekezwa, kwa hiyo havina mwenyewe. Lakini Kiswahili hakichanganyi kuacha na kutupa. Kaburi nalo huachwa, wala hatusemi limetupwa.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya jamaa zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa kuwa kimo katika Illinois State Museum, Marekani, na mwaka 2007 kikarudishwa kwa wenyewe. Jamaa walieleza kuwa tangu wizi ule walikuwa wameandamwa na mikosi. Mhakiki aliyezoea kumwita koma shetani atayasoma maelezo hayo kama hadithi ya kutisha, na pengine atawahurumia wasimulizi. Ajuaye koma ni nani atayasoma kama madai: fulani wa ukoo fulani ameondolewa kwake, arudishwe. Kwa maoni yetu, usomaji huu wa pili ndio unaoyatendea haki maneno ya wasimulizi.

Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yaliamua kuvirudisha Kenya vigango 30. Katika kazi ya namna hiyo, lebo iliyoandikwa "sanamu ya mbao, Afrika Mashariki" haimsaidii mtu. Linalotafutwa ni jina la marehemu, na boma alikosimamishiwa.