Abarogi, Omorogi na Daftari: Swali la Idadi katika Masimulizi ya Uchawi ya Abagusii

Wahakiki wetu wamezoea kuusoma uchawi katika fasihi kama dhamira. Mwanafunzi akiulizwa juu yake hujibu upesi: ushirikina, ujinga, mgongano wa ukale na usasa, na mwalimu humpa alama. Makala haya yanauliza swali dogo zaidi, ambalo aghalabu hurukwa. Je, mchawi wa masimulizi ni mmoja au ni wengi? Tunadai kwamba katika masimulizi ya Abagusii wa Kisii na Nyamira idadi si pambo la fani. Ndiyo inayoamua nani atatajwa kwa jina, na mara nyingine nani atauawa.

Tuanze na neno lenyewe. Omorogi wa Ekegusii ni ndugu wa mlozi wa Kiswahili na murogi wa Kikuyu. Mzizi ni ule ule wa kuloga. Lakini katika masimulizi neno hili hupendelea wingi, abarogi. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti katikati ya miaka ya 1950 katika jamii waliyoipa jina la Nyansongo, waliwakuta wachawi wanaosemekana kutoka usiku wakiwa uchi, wamebeba vyungu vya moto unaowaka na kufifia, wakafukua maiti, na kuyafanya hayo kwa ushirika. Ufundi wenyewe hufunzwa: mzazi humfunza mwana, jirani humfunza jirani. Pwani nako wanga husimuliwa kwa makundi, na katika visa vya Pemba anayetaka kuingia chamani hudaiwa mtu wa damu yake. Atendaye kazi peke yake ni mwingine kabisa, omonyamosira, bingwa wa dawa anayejulikana kwa jina na kuendewa na wateja wake. Upweke wake ni ule wa fundi yeyote. Waluo, majirani wa Abagusii, wana jajuok, ambaye mara nyingi hukimbia usiku peke yake akitikisa milango na kurusha mchanga, kero zaidi kuliko muuaji. Wote hawa tunawafasiri kwa neno moja, mchawi, kisha tunashangaa kwamba uhakiki wetu hautofautishi.

Wingi wa abarogi una kazi maalumu ya kisanaa. Fanani husema kwamba walipita, kwamba moto ulionekana ng'ambo ya mto, kwamba kaburi lilikutwa limefukuliwa. Hadhira huogopa, lakini hakuna aliyenyoshewa kidole. Wingi usio na majina huihifadhi hofu bila kumkabidhi mtu. Hatari huanzia pale kiambishi kinapobadilika, aba- ikawa omo-, kwa sababu omorogi mmoja ana uso na ana nyumba. Aghalabu ni kikongwe, mara nyingi mjane, anayeishi mbali kidogo na wanawe, juu ya kipande cha ardhi kinachongojewa na wengine. Huyu kweli yuko peke yake. Shutuma huuchukua upweke wake wa mchana na kuusoma kama ushahidi wa ushirika wa usiku: haonekani na watu kwa kuwa ana watu wake. Hoja ya namna hii haiwezi kukanushwa. Akiwa na wageni, hao ndio wenziwe. Asipokuwa nao, amewaficha.

Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, waliteketezwa kwa moto huko Kisii kwa tuhuma za uchawi. Habari za wakati huo zilieleza kwamba wanakijiji walidai kuokota katika shule ya msingi daftari lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, zikionyesha nani angelogwa baadaye. Habari hii imesomwa na polisi, wanahabari na watetezi wa haki za wazee. Ingefaa isomwe pia na watu wa fasihi, maana inahusu utanzu.

Kila aliyepitia shule ya sekondari nchini Kenya amefunzwa kuandika kumbukumbu katika somo la insha: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, yaliyotokana na mkutano uliopita, saini ya mwenyekiti na ya katibu. Ni utanzu wa kamati ya harambee, wa halmashauri ya shule, wa kikundi cha akina mama. Sifa yake kuu ni kwamba huifuta sauti ya msemaji na kuipa jamii nia moja: si fulani aliyesema, bali mkutano ulioazimia. Sifa yake ya pili ni kwamba hudai majina. Wingi wa masimulizi ya jadi haukuwa na majina, na shutuma ya jadi ilikuwa na jina moja. Kumbukumbu huviunganisha vitu hivi viwili vilivyokuwa mbali: kundi zima, na kila mmoja kwa jina lake.

Iwapo daftari lilighushiwa ni swali la mpelelezi. Swali la mhakiki ni kwa nini liliaminika, na jibu letu ni kwamba umbo lake lilikuwa likiaminika tangu hapo. Tuchukue mfano wa kudhania, barua ya kikongwe mmoja anayekiri kwamba yeye ni omorogi. Barua hiyo ingemwangamiza mwandishi wake, lakini ingekuwa vigumu kuifikisha kwenye watu 11. Tumezoea kufundisha kwamba maandishi yanaiondoa jamii katika giza la simulizi. Hapa daftari la shule liliipa simulizi kile ilichokosa.

Lipo jambo jingine katika idadi. Kundi lililotembea nyumba hadi nyumba likiwa na moto Mei 2008 halikuwa la vikongwe. Lakini tazama jinsi linavyosimuliwa: umati, vijana, wananchi wenye hasira. Ni wingi usio na majina, ule ule uliokuwa wa abarogi, umehamia upande wa pili na kuwafunika wauaji. Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa Marani, Kisii, na lugha ya habari ilikuwa ile ile. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, husema na mtu mmoja mmoja. Hata kumshutumu mwenzio kuwa mchawi imelifanya kuwa kosa. Sarufi hiyo ya umoja inamtafuta mtu mahali ambapo simulizi imekwisha kumficha.

Riwaya ya Kiswahili nayo imechagua umoja. Katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977), Gusto anarithishwa uchawi na babaye, na neno mirathi lenyewe humtaka mrithi anayejulikana. Hilo ni jambo la kusifiwa: riwaya humpa mchawi nafsi, jambo ambalo ngano haina haja nalo. Lakini nafsi hiyo ni ya kijana wa kiume mwenye cha kurithi. Kikongwe wa Kisii hapati pa kusimama katika muundo huo. Hakurithi ardhi anayoikalia, na kisa chake husimuliwa na jirani, mara nyingi jirani yule yule anayeingojea.

Wanafunzi tunaowatuma Kisii na Nyamira kukusanya masimulizi hurudi na madaftari. Mmoja aliwahi kunikabidhi lake likiwa na safu mbili zilizopangwa vizuri, upande mmoja visa, upande wa pili majina ya waliotajwa pamoja na vijiji vyao. Alikuwa amefuata maagizo ya kozi yetu kikamilifu. Tuliikata safu ya pili kwa mkasi mle ofisini, na muhula uliofuata nikayabadilisha maagizo: fanani akisema abarogi, andika abarogi, akitaja mtu, sikiliza, lakini kalamu iweke chini.