Mistari laki mbili iliyofutwa kwenye kerneli

Mwaka 2010 folda moja ya kerneli ya Linux, arch/arm/configs, ilimtoa Linus Torvalds uvumilivu. Kila aliyeongeza bodi mpya ya ARM aliacha humo faili ya defconfig, yaani mipangilio ya kuanzia kwa bodi hiyo. Nyingi zilikuwa nakala nzima za .config, ile faili inayozalishwa mtu anapojenga kerneli kwenye mashine yake: mistari elfu moja hivi, mingi ikirudia thamani ambazo kerneli ingeziweka yenyewe bila kuambiwa. Chaguo jipya likiingia, nakala zote zimepitwa na wakati. Mtu akihuisha moja tu, kiraka chake kinajaa mistari ambayo hakuna mkaguzi mwenye moyo wa kuisoma. Torvalds akatishia kuzifuta zote.

Uwe Kleine-König alizinusuru kwa skripti ya Python. Inaondoa mstari mmoja, inazalisha .config upya, kisha inailinganisha na ya awali. Zikifanana, mstari ule haukuwa na kazi. Unafutwa, zamu ya unaofuata. Ni njia ya kutumia nguvu na inachukua muda, ila uzuri wake ni kwamba haidai mtu ajue maana ya chaguo hata moja. Iliondoa karibu mistari laki mbili. Mwaka huohuo toleo la 2.6.36 likaja na make savedefconfig, kazi ya Sam Ravnborg, inayotoa faili fupi ya namna hiyo papo hapo.

Baada ya usafi huo, kila kitu kina mahali pake. Thamani ya msingi inakaa kwenye Kconfig, pale pale chaguo linapoelezwa. Defconfig inabeba tofauti za bodi tu. Ile .config ni mali ya anayejenga, na Git imeagizwa isiiguse. Kwa maoni yangu hata mzizi wa msimbo si mahali pa kuiweka. Jenga kwa make O=../jenzi, nayo itakaa nje kabisa, hivyo, kila bodi ikipewa folda yake, msimbo uleule utahudumia bodi tano bila mipangilio kugongana.

Kuna mtego kwenye faili hizi fupi. Mstari huu:

# CONFIG_SWAP is not set

unaonekana kama maoni tu kwa sababu ya alama ya reli mwanzoni. Sivyo, Kconfig inausoma kama amri ya kuzima swap. Anayesafisha defconfig kwa kufuta kila mstari unaoanza na alama hiyo ataikuta swap imewashwa tena, kwa kuwa thamani yake ya msingi ni y. Wala hakuna onyo litakalotolewa.

Ufupi nao una gharama, na watetezi wake huipitia juujuu. Defconfig inayotaja tofauti peke yake inaegemea thamani za msingi za siku ilipoandikwa. Watunzaji wakibadilisha thamani kwenye Kconfig, bodi yako inafuata kimyakimya, na Git haionyeshi mabadiliko yoyote kwenye faili yako. Kwa hiyo faili fupi inafaa kuhifadhi nia, lakini ukitaka kujua kerneli fulani ilijengwaje hasa, unahitaji .config yake nzima. Debian huiweka ndani ya /boot, ikiwa na jina la config- likifuatiwa na toleo la kerneli.