Biti 14 zilizofanya kazi ya 16

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, vipimo vyake vilikuwa vimeshapitishwa: sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16. Philips, waliobuni teknolojia hiyo pamoja na Sony, walikuwa wamejiandaa kwa biti 14. Sony ndio walioshikilia 16. Kigeuzi cha Philips, yaani chipu inayogeuza namba kuwa sauti ya analogi, kiliitwa TDA1540 na kilikuwa tayari, nacho kilikuwa cha biti 14.

Biti 16 hutoa ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti. 14 hutoa 16,384 tu. Kila biti inayopungua huongeza kelele ya chinichini kwa desibeli 6 hivi. Philips wakawa na deni la desibeli 12, na namna walivyolilipa inastahili heshima hadi leo.

Kwanza, kabla namba hazijafika kwenye kigeuzi, chujio la kidijitali liliongeza sampuli mara nne, zikawa 176,400 kwa sekunde. Kelele ileile ikatawanyika kwenye masafa mapana mara nne, na sehemu kubwa ikaangukia juu ya kilohezi 20, ambako sikio la binadamu halifiki. Hapo zikarudi desibeli 6. Zilizosalia zilipatikana kwa ufundi wa hali ya juu: namba ilipokatwa ienee biti 14, kipande kilichokatwa hakikutupwa. Kilihesabiwa kwenye sampuli iliyofuata, kama muuza duka aliyekosa chenji anavyokufidia ukirudi. Kosa halikufutika, bali lilisukumwa juu, nje ya masafa yanayosikika.

Faida nyingine, kwa msikilizaji huenda ndiyo kubwa zaidi, ilikuwa kwenye chujio la analogi. Kila kigeuzi huzalisha nakala bandia za muziki juu ya masafa halisi. Kwa sampuli 44,100, nakala hizo huanzia kilohezi 24.1, ilhali muziki unaishia 20. Katika mwanya huo mwembamba, Sony kwenye mashine yao ya CD, CDP-101, walilazimika kuweka chujio kali sana, na chujio la namna hiyo huvuruga mpangilio wa wakati wa sauti za juu: mlio wa matoazi, herufi s kinywani mwa mwimbaji. Kwa Philips nakala zilihamia juu ya kilohezi 156, na chujio la upole likatosha.

Tena Sony walitumia kigeuzi kimoja, kikihudumia kushoto na kulia kwa zamu, upande mmoja ukichelewa mikrosekunde 11 hivi. Sidhani kama kuna anayeusikia ucheleweshaji huo. Philips waliweka TDA1540 mbili.

Leo, kigeuzi kilichomo kwenye simu au sabufa ya sebuleni mara nyingi kina biti chache kuliko hizo 14 katika hatua yake ya mwisho, zikienda mbio mamilioni ya mara kwa sekunde kwa kanuni ileile ya kurudisha kosa. Kwa hiyo maandishi ya "biti 32" kwenye boksi hayakuelezi sauti itakuwaje. Ulizia chujio, usafi wa umeme unaokilisha kigeuzi, na ubora wa amplifaya ndogo inayopokea sauti ikishatoka humo.