Ukuta Kama Mpinzani Katika Chumba cha Eastlands

Meza halali ya mpira wa meza ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, Kayole au Dandora katika Eastlands ya Nairobi, kina takriban mita tatu kila upande. Hata kitanda kikitolewa nje, meza ikiingia mchezaji hana pa kusimama. Basi anayeupenda mchezo huu hungoja zamu yake ukumbini au shuleni, na mara nyingi huko anayefungwa ndiye anayempisha mwenzake. Utaratibu huo humnyima muda yule yule anayeuhitaji zaidi, maana hodari habanduki mezani. Naamini muda huo unapatikana nyumbani, mradi mtu ajue anajifunza nini: pembe ya bati la kuchezea na ulegevu wa mkono.

Kudundisha mpira juu ya bati huonekana mchezo wa watoto. Lakini mpira una gramu 2.7 tu, na anayekaza mshiko huurusha hadi kwenye dari, ilhali mwenye mkono mlegevu huweza kuutuliza juu ya raba ya bati ukakaa kimya. Akishazoea upande wa mbele apishanishe na wa nyuma, kisha ajaribu ukingo wa mbao, na hapo ndipo majivuno huisha. Ugumu huo una faida. Donald Bradman, Mwaustralia wa kriketi, utotoni kule Bowral alipiga mpira wa gofu kwa kijiti cha wiketi dhidi ya kitako cha matofali cha tangi la maji, ukimrudia kwa pembe asizozitarajia. Katika mechi za kimataifa alimaliza na wastani wa mikimbio 99.94. Sisemi tangi ndilo lililompa wastani huo, ila zoezi lilikuwa gumu kuliko mechi.

Chumbani, ukuta hushika nafasi ya tangi hilo. Wapo wanaosema kupiga mpira ukutani humfanya mtu apige kama mashine. Wamesema nusu ya kweli. Mpira wenye mzunguko wa mbele ukigonga ukuta hupanda juu, na mzunguko unaobaki hurudi kwako ukiwa wa nyuma. Ukuta basi ni mpinzani mwenye hila moja tu. Sakafu ya simenti nayo hudanganya: kwa kanuni, mpira ukiachiwa kutoka sentimita 30 hudunda takriban sentimita 23 juu ya meza, na simenti huurusha zaidi, kwa hiyo usijifunzie hapo lini upige mpira. Itumie kupima mkwaruzo. Kwaruza mpira kwa chini uende mbele. Ukitua na kurudi wenyewe, umekwaruza, na ukiendelea mlangoni, umeugonga tu. Kuhusu jirani, lawama zake za kelele ni za haki, hasa kuta zikiwa za mabati: mazoezi ya ukutani yaishe kabla watoto hawajalala, ya kudundisha yanaweza kuendelea.

Mwenye bati asingoje meza ndipo aanze. Ila zamu yake ikifika ukumbini, aombe apigiwe sevu nyingi za kila aina, kwa sababu ukuta hauna sevu.